Niliambiwa ning'oe meno manne ya mbele, bado ninayo. Uzi wa tunaoishi na ugonjwa wa fizi

Fundi_Isevya

Mwangaluka wakuu.

Mvua imenifungia dukani tangu asubuhi, umeme umekatika, wateja hakuna. Basi niandike hili ambalo watu wengi wananiuliza pembeni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini, mama wa watoto watatu, umri 49. Nina ugonjwa wa fizi, ule unaokula mfupa, na nimeujua tangu 2016. Sisemi "niliugua", kwa sababu bado ninao. Huu hauponi kama malaria kwamba unameza dozi umemaliza. Unaudhibiti, ukiuachia unarudi. Lakini nina meno yangu mwenyewe 28 mdomoni, na manne kati ya hayo niliambiwa yang'olewe mwaka huohuo wa 2016.

Nieleze yalivyoanza, kwa sababu najua kuna mtu humu yupo pale nilipokuwa na hajijui.

Fundi anakata uzi kwa meno. Mkasi upo mezani lakini meno yapo karibu zaidi, ndivyo tulivyofundishwa na waliotufundisha. Siku moja nashona suruali ya jinzi, nikauma uzi nikavuta, jino la mbele la chini likaja na uzi. Halikutoka, lilisogea tu. Nikaligusa kwa ulimi likaenda mbele likarudi nyuma, kama kigingi kilichopigwa kwenye udongo mbichi. Na halikuuma. Hapo ndipo watu wengi tunapotea, tunasubiri maumivu. Jino lililotoboka litakuamsha usiku ulie, ila fizi zinaweza kuliwa miaka kumi hujashika shavu hata siku moja.

Dalili zilikuwepo, mimi ndiye sikuzisoma. Nilikuwa natema mate yenye damu kila nikipiga mswaki, nikasema mswaki mgumu. Nikawa napakwepa mahali panapotoa damu, yaani sehemu iliyohitaji kusafishwa kuliko zote ndiyo niliyoiacha. Harufu ya kinywa niliambiwa na binti yangu, mume wangu alinyamaza. Halafu kuna jambo moja linaniuma mpaka leo. Mimi sikuzaliwa na mwanya. Nikiwa na miaka 37 hivi meno mawili ya mbele juu yakaanza kuachana. Wateja wakanisifu, "fundi umependeza, mwanya umekukaa". Kwetu mwanya ni uzuri, nami nikafurahi. Kumbe mfupa unaisha, meno yanahama.

Mahali pa kwanza nilipokwenda, aliyenihudumia alinitazama kama dakika mbili, akatikisa meno kwa kidole, akasema haya manne ya chini njoo Jumatatu tuyatoe, mengine tutaona. Hakunipiga picha, hakupima chochote. Sikurudi. Simlaumu sana, foleni ilikuwa mpaka nje, lakini nikifikiri kwamba ningetii pale, moyo unashtuka.

Wa pili alikuwa daktari wa meno mwenye subira. Alichukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakiingiza taratibu kati ya fizi na jino, kila jino sehemu sita, anatamka namba na nesi anaandika. "Tatu, mbili, tatu. Tano, tatu, sita." Mimi nimelala mdomo wazi sijui maana yake, ila nilisikia alipofika mbele chini sauti yake ikapungua. "Saba. Sita. Saba." Baadaye akanipa kioo akanieleza: moja mpaka tatu ni fizi nzima. Kuanzia nne kwenda juu fizi imeachana na jino, pamekuwa na mfuko, na mswaki haufiki chini ya mfuko ule. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wa mbele umeshuka karibu nusu ya mzizi.

Nikamuuliza, sasa tunang'oa? Akasema, "Mama, tukisafisha kwanza ndipo tutajua lipi limekufa na lipi limechoka." Maneno yale nimeyashika.

Nilisafishwa kwa siku mbili tofauti, upande mmoja mmoja, kwa sindano ya ganzi, maana ugaga, yaani uchafu ulioganda ukawa mgumu, uliokuwa chini ya fizi ulibidi ukwanguliwe mpaka kwenye mzizi. Aliweka vipande kwenye pamba akanionyesha. Vyeusi, vigumu, vyenye kingo, kama ukoko ulioungua chini ya sufuria. Hivyo vilikuwa ndani ya nyama yangu miaka yote hiyo.

Sasa niseme ambacho watu hawaambiwi. Fizi zikipona zinanywea. Uvimbe ukiisha meno yanaonekana marefu, na kati ya jino na jino panabaki pembetatu nyeusi. Wiki ya tatu nilijitazama kwenye kioo cha dukani nikalia, nikadhani wameniharibu. Na maji ya baridi yalinitia ganzi ya meno miezi miwili, nikawa nakunywa ya vuguvugu. Nilipewa dawa ya meno ya kupunguza ganzi, ikatulia. Kama unaingia kwenye matibabu haya jiandae kwa hilo, usije ukakimbia katikati.

Meno manne ya chini yalifungwa kwa waya mwembamba kwa nyuma, yameshikana na mawili ya pembeni. Hayaonekani. Yamekaza. Nayatumia kuuma muhogo wa kuchemsha. Magego mawili ya juu ndiyo niliyoyapoteza, moja 2017 na jingine 2020. Mizizi ya gego inagawanyika kama mguu wa kigoda, na ugonjwa ukishaingia kwenye ile panda kusafisha ni taabu. Yale yalikuwa ya kutoka kweli, nikakubali.

Kazi yenyewe kubwa ni ya nyumbani, na ni ya usiku. Mswaki laini, sio "medium". Unaulaza, nywele zake zielekee kwenye mpaka wa fizi na jino, unatikisa kidogokidogo, jino kwa jino, sio kusugua kama sakafu. Kabla ya hapo napitisha kijibrashi kidogo cha kati ya meno, kile chenye waya katikati na manyoya pembeni. Hicho ndicho kimeniokoa. Mswaki unasafisha uso na mgongo wa jino, lakini mbavuni hauingii, na huu ugonjwa unakaa mbavuni. Dakika kumi kila usiku, hata nikitoka msibani. Asubuhi mswaki tena. Na kila baada ya miezi mitatu narudi kupimwa na kukwanguliwa.

Wiki ya kwanza damu ilitoka sana. Nikaambiwa usiache, piga palepale panapotoa damu. Baada ya kama siku kumi ikapungua, ikaisha.

Karibuni, mwenye swali au mwenye yake aseme.

Mkulima_Urambo

Fundi shikamoo, umeandika vizuri. Mimi ni mtu wa tumbaku, kulima na kuvuta vyote, miaka 25 sasa. Fizi zangu hazijawahi kutoa damu hata tone. Ila gego moja la chini limeanza kucheza. Hilo ni la uzee tu eti? Nina 52.

Tabibu_Kinywa

Mkulima, niingilie hapo kwa sababu ndiyo kazi yangu, nipo wilaya ya Nzega. Kutotoka damu kwa mvutaji si afya. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, kwa hiyo ile taa nyekundu ambayo mwenzako anaiona kwenye mate wewe imezimwa. Ugonjwa unakwenda chini kwa chini, na kwa mvutaji unakwenda haraka zaidi na matibabu yanashika kwa shida. Jino halilegei kwa uzee. Linalegea kwa kukosa mfupa. Njoo upimwe kwa kile kijichuma alichokisema fundi, usikubali kuangaliwa kwa macho peke yake.

Na wale wa ugoro unaowekwa ndani ya mdomo: fizi ya mahali hapo hushuka na mzizi unabaki wazi. Ukiona hapo pana baka jeupe lisilofutika au kidonda kisichopona wiki mbili, hiyo ni safari ya hospitali mara moja, maana tumbaku ya mdomoni huleta saratani ya kinywa.

Mkulima_Urambo

Nimekusikia tabibu. Tunakaa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku kutwa na moshi, hakuna aliyewahi kutuambia habari za fizi.

Kaka_Kaliua

Samahanini, mimi naona mnateseka bure. Jino likilegea ng'oa, weka la bandia, maisha yaendelee. Babu yangu alikufa na miaka 80 na meno yake yote, hakuwahi kushika mswaki wa dukani. Hizi ni bahati za watu.

Fundi_Isevya

Kaka, la bandia la kuvaa nalijua, mama yangu anavaa. Anakula ugali na mlenda vizuri, ila nyama anaitazama. Karanga zinaingia chini zinamchoma. Na mfupa ukishakosa mzizi unazidi kunywea, kwa hiyo yale meno yanapwaya, kila baada ya miaka anatengenezewa mengine. Sisemi ni mabaya, asiye na jino atavaa na atashukuru. Nasema asiyekuwa na haja asikimbilie.

Tabibu_Kinywa

Habari ya babu ina ukweli ndani yake. Kuna utafiti maarufu wa mtaalamu wa fizi Harald Löe na wenzake kwa wanaume 480 wafanyakazi wa mashamba ya chai Sri Lanka, walifuatiliwa kuanzia 1970 kwa miaka 15. Hawakuwa wakipiga mswaki wala kwenda kwa daktari wa meno, na wote walikuwa na ugaga na fizi zilizovimba. Kama asilimia 11 hawakuvuka hapo kwenye fizi kuvimba, mfupa wao ulibaki. Asilimia 81 walipoteza mfupa polepole. Asilimia 8 waliumwa kwa kasi, wakifika miaka 45 karibu meno yote yamekwisha. Uchafu uleule, miili tofauti. Babu yako yawezekana alikuwa kwenye zile 11. Tatizo, Kaka, hakuna anayezaliwa na karatasi ya kumwambia yuko kundi gani. Ukijua kwa kusubiri, umejua mfupa umeshakwenda.

Huyohuyo Löe mwaka 1965, mjini Aarhus huko Denmark, aliwaambia watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote fizi zilivimba. Waliporudia kusafisha zikapona ndani ya siku chache. Kwa hiyo hatua ya kwanza inarudi nyuma kabisa. Fizi imevimba, inatoa damu, mfupa haujaguswa: hapo unaweza kupona ukawa kama hujawahi kuumwa. Nawaombeni sana mje mkiwa hapo.

Binti_Ujiji

Dada fundi, nimesoma mpaka machozi. Mimi niko Kigoma, mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Fizi zimevimba, nikila hata dagaa wa kukaanga damu. Mama mkwe anasema mtoto ananyonya kalsiamu kwenye meno, kila mtoto na jino lake, nisihangaike. Nimeacha mswaki natumia maji ya chumvi tu.

Fundi_Isevya

Mdogo wangu hongera, na pole. Rudi kwenye mswaki leo, laini. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanatuliza, ila utando unaonata kwenye jino hauondoki kwa kusukutua. Chovya chuma chenye kutu kwenye maji ya chumvi uone kama kutu itatoka. Inataka kufutwa kwa kitu.

Tabibu_Kinywa

Binti, mkwe wako anasema alichosikia kwa waliomtangulia, mheshimu, lakini si hivyo. Mtoto hachukui kalsiamu kutoka kwenye meno yako. Homoni za ujauzito zinazifanya fizi kuwa kali dhidi ya utando mdogo tu ambao kabla ya mimba zisingeujali. Kwa wengi hupungua baada ya kujifungua, lakini kama kulikuwa na ugaga haujiondoi wenyewe. Kusafishwa meno ukiwa mjamzito ni salama, na mwezi wa tano ulipo ni wakati mzuri, kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito kulalia kiti. Mwambie tu daktari kwamba una mimba. Na kama unatapika, usipige mswaki palepale, sukutua maji kwanza, subiri nusu saa, maana tindikali ya tumbo inalainisha jino.

Ngosha_Mjini

Mimi natumia mkaa uliosagwa na chumvi, meno meupe pee. Na ndimu mara moja kwa wiki. Fizi zikivimba nanunua Flagyl na amoksilini duka la dawa, siku tatu kwisha habari.

Tabibu_Kinywa

Ngosha, taratibu ndugu yangu. Mkaa na chumvi ni msasa. Kwa mtu ambaye fizi zimeshuka, mzizi uko nje, na mzizi hauna ile ganda ngumu ya jino, unachimbika. Ndimu ni tindikali, inayeyusha jino lenyewe. Weupe unaouona unaulipia.

Dawa za kuua vijidudu hazing'oi ugaga. Zinapunguza uvimbe kwa siku chache, wewe unafurahi, kiota kiko palepale. Ukimeza nusu dozi mara nne kwa mwaka unawazoesha vijidudu dawa, halafu siku una jipu la kweli dawa haifanyi kazi. Tunaziandika kwa sababu maalumu na baada ya kusafisha. Ila ukivimba uso, ukapata homa, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, usisubiri kesho, nenda hospitali usiku huohuo.

Ngosha_Mjini

Sawa mkuu. Na mswaki wa mti je? Bibi anatumia mwarobaini.

Tabibu_Kinywa

Mswaki wa mti ukitumiwa vizuri unasafisha, sina ugomvi nao hata kidogo. Utafunwe mpaka uwe nyuzi laini, ukatwe ncha mpya kila mara, usisukumwe kwa nguvu kwenye fizi. Ila nyuma ya meno ya ndani na kati ya jino na jino hapo unashindwa, kama ulivyo mswaki wa dukani. Na hauna floridi, kwa hiyo dawa ya meno yenye floridi bado inahitajika, hasa mizizi ikiwa wazi, maana huoza kirahisi.

Fundi_Isevya

Niongeze la nyuzi. Msimu wa maembe hapa kwetu unajua mwenyewe, miembe kila kona, na embe la kienyeji lina nyuzi kuliko khanga ya mtumba. Zamani nilikuwa nazitoa kwa njiti ya kiberiti, au nakata uzi wa cherehani napitisha. Daktari alinikataza vyote viwili. Njiti inachana fizi. Uzi wa kushonea ni mwembamba na mkali, ukiruka unakata nyama. Uzi wa meno halisi ni laini, unalala kwenye ubavu wa jino unausugua juu chini, sio kuupiga kama msumeno. Kwa meno yaliyobanana uzi unafaa. Kwa sisi ambao meno yameachana, kijibrashi.

Kaka_Kaliua

Fundi, nimekaa nikafikiri. Mama yangu ana sukari, mwaka wa sita. Meno yamemwisha moja moja, tukasema ni umri. Sasa hivi mawili ya mbele yanacheza na fizi zinatoa usaha. Kuna uhusiano?

Tabibu_Kinywa

Upo, na unakwenda pande zote mbili. Sukari isiyodhibitiwa inazidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye usaha zinaifanya sukari iwe ngumu kushuka. Mwenye kisukari akisafishwa fizi vizuri, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu hushuka kidogo, wastani wa kama asilimia 0.4. Si mbadala wa dawa zake, ila kwa mgonjwa wa sukari hata hiyo ina maana. Mpeleke wiki hii, usaha si wa kungoja. Ale na ameze dawa zake kama kawaida siku ya kwenda, abebe kadi ya kliniki yake. Na wewe mtoto wake upimwe, sukari na fizi zote, kwa sababu huwa zinatembea kwenye familia.

Kaka_Kaliua

Nitampeleka. Samahani kwa maneno yangu ya mwanzo.

Fundi_Isevya

Hakuna samahani ndugu yangu, mpe mama salamu. Ukifika waambie unataka apimwe kwanza kabla ya kung'oa. Akipimwa wakasema yatoke, basi yatoke, mtakuwa mmejua kwa nini.

Mkulima_Urambo

Mrejesho. Nilikwenda juzi. Lile gego lina mfuko wa milimita tisa upande wa nyuma, halina maisha, limetolewa. Mengine mengi ni tano, manne ni sita. Nimekwanguliwa upande wa kulia, wa kushoto ni wiki ijayo. Daktari akanipa kioo nikaona huo ugaga, mweusi kama lami ya kwenye bomba la bani. Sigara nimetoka kumi kwa siku nimefika tatu. Damu sasa ndiyo inatoka, nikashtuka nikampigia, akasema hiyo ni fizi inaamka.

Fundi_Isevya

Baba umenifurahisha mno. Hizo tatu nazo ziache. Usiruke usiku hata mmoja.

Binti_Ujiji

Dada, nimeanza mswaki laini siku ya sita leo, damu imepungua nusu. Kliniki wamenipa tarehe ya kusafishwa. Ila vijibrashi nimezunguka maduka ya dawa matatu hapa Kigoma, wananiangalia kama naomba kitu cha mbinguni. Wewe unapata wapi?

Fundi_Isevya

Mimi huagiza kwa mtu anayekwenda Dar au Mwanza, nanunua pakiti nyingi kwa pamoja. Kimoja natumia kama wiki nzima, nakiosha, nakikausha, mpaka manyoya yachoke. Nina pakiti mbili hazijafunguliwa, za size ndogo kabisa. Jirani yangu wa duka la viatu anapanda treni ya Kigoma wiki hii. Niandikie namba yako pembeni, usiiweke hapa.

Ukikipata, kipitishe polepole penye nafasi. Kikipita kwa kubana kidogo ndicho chako. Kikigoma usilazimishe, hapo tumia uzi wa meno. Anza na magego ya nyuma, maana ukianza mbele usingizi utakukuta hujafika huko.

Binti_Ujiji

Nimekuandikia. Jirani yako akirudi atakuletea mawese na migebuka wa kukausha.